Mkwe Aliyelima Menyu

Mimi naitwa Dominika, mama Kristiana, mwenye duka la steshenari pale Majengo, na niseme mapema kwamba sina hasira kama watu wanavyodai. Nina sauti tu. Mtu mwenye sauti akiuliza jambo mara mbili wanasema kagomba, akiuliza mara ya tatu wanamwita mume wake.

Duka langu wakati ule lilikuwa na mashine ya fotokopi, printa moja yenye kukohoa, na kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa mtumba, nililetewa kutoka Tunduma imefungwa kwenye blanketi, miaka ile ambayo kila mwenye akili zake alikuwa anafungua kibanda na simu za mkononi zilishaanza kulia mpaka mifukoni mwa wachunga ng'ombe kule bonde la Rukwa. Mume wangu Teodori, mwalimu, alisema ile mashine tutaifanyia nini. Baada ya mwaka mmoja mji mzima ulikuwa unakuja kwangu kuchapa kadi za harusi, ratiba za misa na barua za kuomba kazi, na Teodori hakuuliza tena.

Tatizo lake lilikuwa menyu. Ukiiwasha, kabla haijafika popote, ilikuwa inatoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, mstari chini ya mstari, inakuuliza unataka kuingia wapi. Mafundi ndio waliniambia inaitwa menyu, na kweli ilikuwa menyu, kama ya ile hoteli ya karibu na stendi iliyoandika ukutani pilau, biriani na kuku wa kukaanga, ukikaa ukaagiza unaambiwa kuna ugali na maharage. Maana kila fundi aliyekuja alikuta Windows inaumwa, na badala ya kuitibu aliweka nyingine pembeni yake, akaipa jina alilotaka, akaenda zake. Kulikuwa na mstari umeandikwa WINDOWS, wa pili WINDOWS MPYA, wa tatu WINDOWS MPYA KABISA. Kulikuwa na JARIBIO. Kulikuwa na MESHACK, ambaye ni fundi aliyekunywa chai yangu siku nzima na kuniachia jina lake basi. Kulikuwa na USIGUSE, ambao hata aliyeuandika nadhani alisahau kwa nini tusiguse.

Na katikati yao palikuwa na SUMBA. Huo ndio ulikuwa mstari wangu. Fundi Zenon wa Mbeya alipouweka aliniuliza tuupe jina gani, nikamwambia andika Sumbawanga, tujue hii ni ya kwetu. Akaandika S, U, M, B, A, umeme ukakatika. Uliporudi akasema, Mama, si inatosha, unaelewa mwenyewe. Nikasema inatosha. Tangu hapo kazi zangu zote zilikaa ndani ya SUMBA, na printa pia ilikuwa inaitikia humo tu.

Sasa ukichelewa kuchagua, mashine ilikuwa inajichagulia yenyewe mstari wa kwanza, na wa kwanza ulikuwa mbovu, kioo kinageuka bluu kimejaa Kiingereza. Kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, na ulikuwa unakatika na kurudi kama mbuzi wa jirani, ilibidi niache chochote ninachofanya nikimbie kubonyeza mshale. Nimekimbia nikiwa na sabuni usoni. Nimeacha msiba wa watu ninaoheshimiana nao. Fortunata, mwenzangu wa kibanda cha pembeni anayeuza vitenge, alikuwa akiniona nakimbia anapiga makofi na kunitaja jina kama mtangazaji wa mpira. Huyo Fortunata ni mtu wa Kasanga, wa kule ziwani, na watu wa ziwani hawana haya.

Basi ndiyo hali ilivyokuwa siku Kristiana aliponiambia amepata mchumba.

Kristiana ni mtoto wangu wa pekee. Nilimuuliza mchumba mwenyewe ni nani, akasema anaitwa Shigela, fundi wa kompyuta, amesomea Mwanza, kwao ni Mtowisa. Nikasema Shigela si jina la Mtowisa. Akasema baba yake, mzee Nyanda, alihamia bondeni na ng'ombe zamani, yeye mwenyewe amezaliwa huko. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza nyumbani kwetu Mazwi hata kuku wanaingia bandani.

Msinielewe vibaya. Sina neno na Wasukuma, wanalima, wanafuga, wanacheka vizuri. Nilichokuwa nakiogopa ni kitu kimoja, na nakisema wazi. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, mkipishana njiani mmoja anaingia majanini. Wao wanasema ni heshima, na mimi naijua heshima, hata kwetu Ufipa ipo. Lakini mimi nilijifungua mara moja tu. Wenzangu wakioza binti wanapata mtoto wa kiume, anakuja Jumapili anakalia kiti cha mwenye nyumba na kulalamikia chumvi. Mimi ningetoa mtoto na kupewa mtu anayejificha nyuma ya mti. Nyumba ingebaki mimi na Teodori tunasikiliza saa ya ukutani. Hilo liliniuma, tena usiku na mchana, na kwa kuwa liliniuma nikawa mkali.

Na kijana naye alinitia ukali. Alikuja dukani mara ya kwanza, hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, kageuza uso kuelekea barabarani, akapiga hodi ubaoni, akasema shikamoo kwa ukuta. Nikajibu marahaba, na ukuta ukanyamaza. Ndivyo alivyoendelea, wiki hadi wiki, hodi dirishani, shikamoo, kisogo. Nilimjua mkwe wangu kwa masikio yake yanavyoonekana kwa nyuma. Kitu kimoja nilimsifia: alikuwa anajifunza Kifipa. Alikuwa anamtuma Fortunata kwangu na salamu za Kifipa zilizopinda shingo, mara anauliza neno hili maana yake nini, lile linasemwaje, na Fortunata, ambaye Kifipa chenyewe hajui, anakuja kunipigia kelele maneno hayo kutoka kibandani kwake huku anakata kitenge.

Wakati wa barua ya posa ulipita, ndugu wakapanga Jumamosi wazee wa Mtowisa wapande huku juu waje kwetu Mazwi kuzungumza. Hapo nikasema na mimi nina langu. Zamani huku Ufipa kijana akitaka binti alikuwa anakuja kulima intumba kwa mama wa binti. Anafyeka nyasi, anazifukia chini ya udongo, anajenga tuta baada ya tuta, mama anapita kuangalia mkono wake. Teodori mwenyewe alilima kwa mama yangu akatokwa malengelenge, na mpaka leo akikasirika anayataja. Nikamwambia Fortunata amwambie Shigela hivi: shamba sina, nina menyu. Ailime. Aondoe takataka zote, nikiwasha niingie kwenye kazi yangu bila kukimbizana na mshale, na nisipoteze hata karatasi moja. Akiweza, Jumamosi wazee wake watakuta chai. Akishindwa, wasihangaike kupanda mlima na ng'ombe.

Kristiana alisikia akaja juu. Alisema hayo si mambo ya karne hii. Teodori alisema, mwanangu, malengelenge yangu mimi yalikuwa ya karne gani? Na Shigela, nje ya dirisha, aliuambia ukuta kwamba amekubali.

Akaja Alhamisi, siku ya baridi ya Julai, upepo unakata masikio, mimi nimejifunga kitenge na sweta la Teodori juu yake. Ikawa mtihani namna ya kukaa. Kompyuta iko ndani, anayejua mistari ni mimi, na yeye hawezi kukaa chumba nilichomo. Tukafanya hivi: yeye aliingia ndani, mimi nikatoka barazani, pazia likashushwa mlangoni, na Fortunata akasimama katikati, nusu ndani nusu nje, akawa yeye ndiye simu. Shigela anasema jambo chini chini, Fortunata analitoa kwangu kwa sauti ya gulio. Najibu, analirudisha, na njiani analiongezea chumvi. Nilisema tu, mwambie awe mwangalifu. Nikasikia anamwambia, Mama anasema ukiharibu atakukata masikio.

Kazi ilianza vizuri. Alieleza kupitia kwa Fortunata kwamba ile menyu ni maandishi tu, yamekaa mahali pake kama majina yaliyoandikwa milangoni. Kwanza ataondoa majina yasiyotakiwa, tujaribu, halafu ndipo afagie vyumba vyenyewe. Nikasema aendelee. Akauliza kuhusu WINDOWS ya kwanza, ya pili na JARIBIO, nikasema ondoa. MESHACK? Ondoa, tena ningefurahi ukiondoa na chai yangu aliyokunywa. USIGUSE? Hapo sote tulisita, hata Fortunata alishusha sauti, maana jina lenyewe linatisha. Nikasema gusa. Ikaguswa, na hakuna aliyekufa.

Katikati ya hayo akafika mama mmoja na ndoo ya dagaa wa Tanganyika, tukaanza kuvutana bei. Mimi nikivutana bei sisikii kingine. Nikiwa nimeshika dagaa mkononi, Fortunata akatoa kichwa pazia likiwa begani.

"Mama Kristi, anauliza sumba ni nini?"

Nani angefikiri? Kijana ameshinda mwezi mzima ananiulizia maneno ya Kifipa. Nikajua ni kawaida yake, na amechagua wakati mbaya.

"Sumba ni tupa," nikasema. "Mwambie mtu anataka mke wa Kifipa, anaishi chini ya mji unaoitwa tupa uchawi, na hata sumba haijui? Tupa, tupa, sumba ni tupa!"

Fortunata akarudi ndani akalifikisha, na chumvi yake juu. Mimi nikaendelea na dagaa.

Dagaa nilizipata kwa bei nzuri sana, hilo lisisahaulike. Nilikuwa bado nazifurahia niliposikia Fortunata anasema tayari, amemaliza, Mama aje aone. Shigela akapita mlango wa nyuma akaenda kusimama uani, mimi nikaingia. Kweli nilishangaa. Niliwasha ile mashine na haikuuliza kitu. Hakuna orodha, hakuna mshale, hakuna kukimbizana. Iliwaka, ikapiga kengele yake ndogo, ikafunguka. Nilikaribia kupiga kigelegele.

Halafu nikaona kile kilima cha kijani ambacho Windows huja nacho, na juu yake hakuna kitu. Hakuna kadi za Scola, ambaye harusi yake ilikuwa inakaribia na kadi anafuata kesho yake. Hakuna ratiba. Hakuna hata katiba ya kikundi cha akina mama. Nikabonyeza printa, ikakaa kimya kama haijawahi kuniona. Pale juu pameandikwa jina la chumba: WINDOWS MPYA KABISA.

Nikauliza SUMBA iko wapi.

Fortunata akanitazama. Akatazama dagaa. Akasema polepole, Mama Kristi, si wewe umesema tupa?

Sitaeleza yote niliyosema baada ya hapo. Wengine wanadai nilisikika mpaka sokoni, lakini upepo ulikuwa unavuma upande huo. Nilisema kazi zangu za miaka yote zimetupwa. Nilisema Jumamosi hakuna mgeni, hakuna chai, na mzee Nyanda apigiwe simu abaki na ng'ombe wake bondeni. Na nilikuwa nalia, nakiri, machozi yanashuka kwenye sweta la Teodori, na sikuwa nalilia kadi. Nilikuwa nalia kwa sababu mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni cha Kristiana. Nilikuwa nimemwekea mtu sharti nikiwa nimetumaini kimoyomoyo kwamba atashinda.

Uani Shigela alikuwa anaongea. Nilisikia sauti yake, lakini kila akianza na mimi naanza, na Fortunata hawezi kubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mwishowe Fortunata aliniwekea kiganja mdomoni, kiganja kizima, watu wa ziwani hawana haya nimeshasema, akamwambia kijana aseme.

"Mama, nimefuta jina mlangoni," Shigela alisema kutoka uani. "Mwenye chumba yumo ndani."

Nikatoa kile kiganja. Nikamwambia Fortunata amwulize anamaanisha nini. Akaeleza, taratibu, kwamba hajafagia chumba chochote bado, kama alivyosema asubuhi. Kazi zangu zimekaa palepale, ila mashine haijui tena njia ya kuzifikia. Anaweza kuandika jina upya. Ila vyumba viko vingi, na ndani vinafanana kama nyumba za kota, yeye hawezi kujua kipi ni changu. Anahitaji mtu anayezijua kazi kwa macho akae mbele ya kioo, na yeye akae pembeni yake afungue kimoja kimoja.

Mtu anayezijua ni mimi. Na mtu wa kukaa pembeni yangu ni yeye.

Kwa heshima ya kwao haikuwezekana, na kijana wa watu hakuwa tayari kuivunja. Alisema ni bora apoteze kazi ya kulima kuliko amkosee mama mkwe. Niliposikia hivyo nilikasirika na kumpenda kwa pumzi moja. Nikawaza, huyu kakaa na heshima yake mpaka itamkosesha mke.

Fortunata akatoka bila kuaga. Akarudi na kitenge kipya, doti nzima, cha kijani chenye ndege, akapanda juu ya kiti, akakifunga pembe moja kwenye dirisha na nyingine kwenye msumari wa kalenda, kikaning'inia mpaka sakafuni kikagawa chumba pande mbili. Kompyuta ikabaki mwishoni mwa kitenge, kioo chake kinaonekana huku na huku. Akaweka stuli moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Akasema, sasa kila mtu yuko chumba chake, ubishi uishe, na kitenge kikichafuka mnakinunua.

Nikakaa upande wangu. Nikasikia stuli ya pili inalia, nikajua amekaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuwa karibu naye kiasi hicho. Alikuwa ananukia sabuni ya kufulia na moshi wa basi.

Akafungua chumba cha kwanza. Nikasema si changu. Cha pili, hapana, hicho cha Meshack, nikaona picha yake mwenyewe kajipiga na miwani. Tukawa tunasemezana bila kujijua. Mwanzoni Fortunata alikuwa bado anarudia maneno, "Mama anasema hapana", "Anasema subiri", mpaka akajiona anasema peke yake akaacha akaenda kuuza kitenge kwa mteja. Shigela akafungua chumba kingine, na kabla hajamaliza nikaona kadi za Scola, maua yake mawili na njiwa wake mnene. Nikapiga meza. Nikasema ndicho, ndicho, baba, ndicho chenyewe. Nilimwita baba, na sikumbuki kuamua.

Akauliza, kwa sauti ndogo, tuandike jina gani. Nikamwambia andika Sumbawanga, lote, mpaka herufi ya mwisho, na umeme ukikatika tutakaa hapa mpaka urudi, asije mtu mwingine akatupa. Nikamsikia anaandika, na ile MPYA KABISA akaifuta, libaki jina letu peke yake. Akasema sasa anaizima na kuiwasha ili tujaribu.

Akaizima. Kioo kikawa cheusi.

Na kioo cheusi cha kompyuta ya zamani, kama umewahi kukaa mbele yake, ni kioo kweli. Tulikuwa tumeinama wote wawili kukitazama, mmoja kulia mmoja kushoto, na humo ndani kitenge hakikuwepo. Nilimwona kijana mwenye uso wa mviringo, mwenye pengo dogo mbele, amekodoa macho kwa hofu ya mashine. Na yeye aliniona mimi, mama mtu mzima, macho mekundu, sweta la mwanamume, na gamba la dagaa limeganda shavuni. Hakuna aliyegeuka. Hakukuwa na pa kugeukia, sote tulikuwa tunasubiri iwake.

Aliyeanza kucheka ni yeye. Alijaribu kukimeza kicheko, kikamtoka puani. Mimi nikafuata, na mimi nikicheka ni kama nikigomba, hakuna tofauti ya sauti. Tulicheka mpaka kitenge kikatikisika, mpaka Fortunata akarudi mbio akidhani tunapigana, na mteja wake nyuma yake na doti begani.

Mashine ikawaka. Haikuuliza kitu, ilifunguka moja kwa moja, na hapo zikawa kazi zangu zote mahali pake, na printa ikakohoa yenyewe kwa furaha. Nikamwuliza, bila kupitia kwa mtu, kama sasa kila nikiiwasha itakuwa hivyo.

"Ndiyo, Mama, nimeiseti. Haimwulizi tena mtu aingie wapi. Anaingia tu."

Nikafuta gamba la dagaa. Nikatafuta maneno makali, maana ndiyo niliyoyazoea, sikuyapata.

"Basi na wewe," nikamwambia kupitia kitenge, "ukija kwangu usinipigie hodi dirishani. Ingia tu."

Nikasikia tu stuli inalia, na hatua zake zinakwenda uani, na baadaye Fortunata akaniambia alikwenda akasimama kwenye ukuta kwa muda mrefu akijifuta macho na kusingizia upepo. Kitenge nilikinunua mimi, na bei hakunipunguzia.

Jumamosi wazee wakapanda. Mzee Nyanda alikuja na kofia yake pana na fimbo, ndugu zake nyuma, Shigela katikati yao kainamisha kichwa, na mshenga wao mbele. Sisi tulikuwa ndani, ndugu zangu wamejaa sebule, Kristiana yuko chumbani na shangazi zake anachungulia tundu la kufuli. Desturi inajulikana. Wageni wanasimama nje, mshenga anapiga hodi, ndani tunajifanya hatujasikia, anapiga tena, tunauliza ni nani, anaeleza wametoka mbali wamechoka, tunawasumbua kidogo, ndipo mlango unafunguliwa. Mshenga akapiga hodi. Tukanyamaza kama inavyotakiwa. Akapiga ya pili, shemeji yangu akakohoa kujitayarisha kuuliza ni nani.

Mlango ukafunguka. Shigela akaingia.

Akaingia peke yake, akaacha wazee wake barazani midomo wazi, akapita katikati ya sebule na viatu vyake mkononi, akanijia mpaka nilipokaa, akapiga goti, akanitazama usoni. "Shikamoo, Mama," akasema, kwa Kifipa kisha kwa Kiswahili, na zote mbili zilikuwa zimenyooka.

Ndugu zangu walikuwa wananitazama mimi, wanangoja nilipuke, na mlangoni mzee Nyanda alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili anamwita mwanawe kwa Kisukuma, aibu imemjaa uso mzima. Akaanza kuniomba radhi, akageuka pembeni ili asinitazame, anasema huyu mtoto amepatwa na nini, kwao hakulelewa hivi.

Nikamshika kijana mkono nikamkalisha kiti cha mwenye nyumba, Teodori akiwa ndio kwanza anainuka kukikalia.

"Mwache, mzee," nikamwambia Nyanda. "Huyo nimemseti mimi."